Jina la Mposaji

Wasomaji wapendwa, wengi wenu mwajua ya kuwa kazi ya mwalimu haiishi kengele inapolia. Mtoto aweza kuuliza neno dogo asubuhi, na neno lile likamfuata mwalimu hata nyumbani, likaketi naye wakati wa chakula, wala lisimpe usingizi. Jambo la namna hiyo lilinipata hapa Bariadi mwaka huu, wakati wa kuchuma pamba. Na kwa kuwa ndani ya neno lile nalikuta habari yangu mwenyewe niliyoificha karibu miaka ishirini, nimeona heri niisimulie yote.

Shule ninayofundisha ina kabati la vitabu vya zamani, vingine vimeliwa na mchwa pembeni. Humo nalikuta nakala ya Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare uliotafsiriwa na Mwalimu Julius Nyerere na kupigwa chapa mwaka 1969. Watoto wa kidato cha pili hawajakiweza bado Kiingereza cha Shakespeare, wala mimi sijidai kukiweza chote. Lakini kisa cha Portia ni chepesi kusimuliwa, basi nikawaandikia ubaoni kwa Kiingereza rahisi. Portia ni binti tajiri aliyefiwa na baba yake. Baba aliacha wasia wa masanduku matatu, moja la dhahabu, moja la fedha, moja la risasi, na ndani ya moja mna picha ya binti. Mwanamume atakaye kumwoa na achague sanduku. Akilipata lenye picha, binti ni wake. Akikosa, aende zake, wala asipose mwanamke mwingine maisha yake yote. Wakaja wanaume kutoka nchi nyingi, hata mkuu wa Moroko akaja.

Neno nililoliandika ubaoni la kuwaita wanaume hao ni “suitor”. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, asiye na desturi ya kusema sana, akainua mkono.

“Mwalimu,” akasema, “huyu ni mtu wa namna gani? Ni mchumba, au ni mpenzi, au ni mume?”

Nikajibu, “Ni mposaji.”

“Mbona yeye achagua sanduku, na anayeposwa yupo pale pale naye haulizwi?”

Wenzake wakacheka. Mimi nikasema kwamba swali hilo tutalijibu katika kipindi kijacho, kwa kuwa kengele ilikuwa karibu. Na huo, wasomaji wapendwa, ndio ujanja wa walimu wote.

Usiku ule nikaiwasha taa ya umeme wa jua, nikakifungua kitabu kikubwa cha maneno ya Kiingereza, nikatafuta. Nalidhani nitapata neno moja, kumbe nikaangukia ukoo mzima. Waingereza wa zamani walikuwa na majina mengi ya kumwita mwanamume amtafutaye binti, na mengi katika hayo leo hayasemwi tena ila kwa mzaha au katika vitabu.

Hilo “suitor” lenyewe asili yake ni Kilatini, katika kitenzi chenye maana ya kufuata, nalo lilifika Uingereza kwa njia ya Kifaransa. Hapo kwanza halikuwa na habari ya mapenzi hata kidogo. Lilikuwa jina la mtu wa barazani, ahudhuriaye mahakama ya bwana wake, au mwenye shauri la kuomba mbele ya wakubwa. Hata karne ya 16 ndipo wakaanza kumwita hivyo na mwanamume aombaye mke. Na hadi leo kesi ya madai mahakamani huitwa kwa neno la ukoo ule ule. Basi mposaji wa Kiingereza ni ndugu yake mtu aliyekaa kwenye benchi la mahakama ya mwanzo, kofia mkononi, akingoja jina lake liitwe.

Jina lililonifurahisha kupita yote ni “swain”. Hilo waliliacha watu wa kaskazini, wale mabaharia wa Norwe na Denmaki walioivamia Uingereza zamani sana na kukaa humo. Kwao maana yake ilikuwa mtoto wa kiume, au mtumishi. Waingereza wakalitumia kwanza kwa kijana amtumikiaye askari mpanda farasi. Halafu kwa kibarua wa shamba na mchunga kondoo. Halafu watunga mashairi wakampenda mchunga kondoo huyo, wakamtia filimbi mkononi na kumketisha chini ya mti akimlilia binti, na tangu hapo “swain” akawa mpenzi wa kiume wa shamba. Neno hilo limebaki pia katika vyombo vya baharini, kwa maana msimamizi wa mabaharia, yule ambaye watu wa pwani humwita serahangi, jina lake kwa Kiingereza limejengwa juu ya neno hilo hilo. Nikacheka peke yangu. Na Kisukuma chetu kina neno nsumba, yaani kijana wa kiume, na viongozi wa vijana kijijini zamani waliitwa basumba batale. Lakini nsumba wetu amebaki kijana tu; hakuna mtunga mashairi aliyemketisha chini ya mti.

Nikafikiri, je, katika Maandiko yupo “swain” wa kweli? Yupo, naye ni Yakobo. Alifika kwa Labani mikono mitupu, akamwona Raheli kisimani pamoja na kondoo wa baba yake, akatumika miaka 7 kwa ajili yake, akadanganywa, akatumika miaka 7 tena. Mtumishi, mchungaji, na mposaji, yote matatu ndani ya mtu mmoja. Sisi Wasukuma twamwelewa Yakobo upesi kuliko Waingereza walivyomwelewa, kwa kuwa twajua maana ya kuhesabu mke na mifugo katika shauri moja.

Kisha kuna “beau”, neno la Kifaransa lenye maana ya mzuri. Katika karne ya 17 Waingereza walimwita hivyo mwanamume wa kujipamba, ambaye Kiswahili humwita mtanashati au mlimbwende, na baadaye wakamwita hivyo kila mwanamume anayemwandama binti. Mtu huyu sina haja ya kumweleza. Nendeni mnada wowote wa ng'ombe katika Simiyu, mtamwona amevaa miwani myeusi na jua limekwisha kuchwa.

Yako na mengine, kama “gallant” na “spark”, ambayo ni ndugu za mlimbwende, nayapita. Lakini liko moja lililonichukiza, nalo ni “follower”, yaani mfuasi. Katika Uingereza ya karne ya 19 bibi wa nyumba akitafuta mtumishi wa kike, alipiga chapa gazetini kwamba wafuasi hawatakiwi. Mfuasi ndiye mwanamume wa yule msichana wa jikoni. Sasa tazameni: kijana akimtaka binti wa sebuleni, wamwita kwa jina la heshima la mwenye shauri la kuomba; kijana wa namna ile ile akimtaka binti wa jikoni, wamwita mfuasi, kama kwamba ni mbwa aliyefuata harufu ya nyama. Maneno mawili hayo yatoka katika maana moja ya kufuata. Tofauti ni mlango aliokuja kubisha.

Na tena “lover”. Mwalimu akiwasomesha watoto kitabu cha Jane Austen, yule mwandishi wa kike aliyekufa mwaka 1817, yampasa kuonya mapema, ama darasa litavunjika kwa kicheko. Katika siku za mwandishi yule neno hilo lilimhusu mwanamume aliyedhihirisha nia yake, akakaa sebuleni mbele ya mama mkwe mtarajiwa, akanywa chai. Leo lataja jambo lifanyikalo gizani. Neno halikwenda mahali. Watu ndio walioondoka chini yake. Nasi tuna neno mpenzi, ambalo mtu aweza kumwandikia mama yake mzazi katika barua bila aibu. Lakini kijana akilisema mbele ya wazee juu ya binti wa jirani, wazee hutazamana.

Hata bwana-arusi wao ana kisa. Zamani jina lake lilikuwa na neno la kale lenye maana ya mtu mume. Neno hilo la kale likasahauliwa, na katika karne ya 16 watu wakaweka mahali pake neno jingine linalofanana kwa sauti, lenye maana ya kijana au mtumishi, nalo sasa ndilo jina la mtunza farasi. Hivyo kila Mwingereza aoaye hutajwa kwa jina la mtu wa zizini, naye hajui.

Basi nikaligeukia Kiswahili, nione sisi tuna nini. Mchumba tunaye, lakini jina hilo ni la wote wawili, mwanamume na mwanamke, wala haliwezi kusimama pasipo mapatano ya pande mbili. Mposaji ndiye hasa aombaye. Naye kwa desturi haji mwenyewe, bali humtuma mshenga. Na mshenga huja na barua ya posa iliyofungwa katika kitambaa pamoja na fedha kidogo, na wazee huisoma, hunong'onezana, huomba siku za kufikiri. Wakikubali ndipo uchumba, na kishika uchumba, na mazungumzo marefu ya mahari. Siku hizi, kweli, vijana wengi huanza kwa simu, na mshenga huitwa mambo yakiwa yamekwisha. Lakini mlango wa wazazi ungali ni ule ule.

Nikamkumbuka mtumishi wa Ibrahimu, mshenga mkubwa kupita wote, aliyekwenda na ngamia kumtafutia Isaka mke. Ndugu zake Rebeka walikuwa wamekwisha kukubali, na zawadi zimekwisha kutolewa. Walakini kabla ya safari wakamwita msichana mwenyewe, wakamwuliza kama yu tayari kwenda na mtu yule. Nalikuwa nimeisoma sura hiyo mara nyingi kanisani, nami nikiwatazama ngamia tu.

Hapo kalamu ikanisimama, kwa maana lilibaki neno moja la kwetu ambalo nalikuwa nikilizunguka usiku kucha. Neno hilo ni chagulaga.

Msomaji asiye wa huku na anisikilize. Chagulaga, mayu, kwa Kisukuma ni kusema, “Chagua, mama,” na hapo mama ni neno la heshima tu kwa mwanamke yeyote. Msichana akitoka mnadani au ngomani jioni, vijana humwandama njiani, humzunguka na fimbo zao, humwamuru achague mmoja wao. Akimchagua mmoja, wengine hutawanyika. Asipochagua hafunguliwi njia. Wazee niliowauliza walinieleza kwamba zamani ilikuwa desturi ya heshima, njia ya binti kujionea mwenyewe wanaume kabla ya baba yake kumwonea, na kwamba vijana walikuwa na mipaka yao. Yawezekana, mimi sikuwapo. Niliyoyaona mimi ni haya.

Mwaka 2005 nalikuwa na miaka 17, mwanafunzi wa sekondari, nimerudi nyumbani wakati wa likizo. Siku hizo Simiyu haikuwa mkoa bado. Mkoa huu ulifanywa mwaka 2012, nasi tulikuwa watu wa Shinyanga. Wenzangu wa kijijini walikuwa wachungaji wa ng'ombe, wenye mikono mikubwa, nao walinicheka kwa ajili ya vitabu vyangu. Siku ya mnada nikaenda nao, nimevaa shati langu jeupe la shule kusudi nionekane. Jioni, tukirudi, tulikuwa vijana wanane. Mbele yetu akaenda msichana peke yake, na kikapu kichwani chenye chumvi na sabuni. Sijui ni nani aliyeanza kukimbia. Mimi nalijua tu kwamba nami nakimbia.

Tukamzunguka. Wakasema lile neno, nami nikalisema. Akatutazama mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayesoma. Halafu akaniinulia kidevu mimi.

Wenzangu wakapiga kelele ya kunisifu, wakaenda zao. Tukafuatana, yeye na mimi, mpaka kwenye mashamba ya mtama. Moyo wangu ulikuwa mkubwa kama ngoma, wala sikujua niseme nini. Nalitafuta neno katika Kisukuma, katika Kiswahili, hata katika Kiingereza, nikakosa. Akatua kikapu chini kama atakaye kupumzika. Akajifunga kanga yake vizuri. Ghafula akanyakua kikapu, akaingia mtamani, akakimbia. Nikamfuata hatua chache, nikasimama. Sauti ya mabua ikaenda mbali, ikanyamaza.

Nikaketi chini ya mkwaju mpaka giza likawa kubwa, ili wenzangu wasinione nikirudi mapema. Kisha nikaenda kwao, wakaniuliza, nami nikawaambia uongo. Sitauandika hapa, kila mwanamume asomaye haya aujua. Uongo ule ukatembea. Kabla ya minada miwili kupita ukafika kwa baba yake msichana. Mimi nikarudi shuleni, na huko nikapata habari kwamba kabla ya mvua za kwanza ng'ombe wameingia katika zizi la mzee yule na binti ameondoka kwenda kwa mume. Nikajiambia kwamba hayo ni mambo ya watu wazima, nikafungua kitabu cha hesabu.

Usiku ule wa maneno ya Kiingereza, basi, nalikwisha kupata majina ya kila namna ya mwanamume atafutaye binti, na katika yote sikupata langu. Katika majina yale ya kale yumo mtumishi, yumo mwenye shauri, yumo mfuasi, hata mlimbwende yumo. Na kila mmoja wao binti aweza kumwambia hapana, naye hana budi kuchukua kofia yake na kwenda. Lakini chagulaga si jina la mtu. Ni amri.

Jumamosi ya juma lile, asubuhi, nalikuwa nikitengeneza mnyororo wa baisikeli yangu uani. Mwanamke akabisha hodi. Nikainuka, nikafuta mikono, nikamsalimu kama ilivyo desturi: “Mwangaluka, mayu.”

Akaitikia. Akanitazama kwa muda, kisha akainua kidevu kidogo aniulize kama mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza. Kwa kidevu kile nikamjua, na mnyororo ukaniponyoka.

Akaketi juu ya kigoda. Alisema ya kwamba yeye ni mama wa yule msichana wa mstari wa mbele, na ya kwamba mtoto ndiye aliyemwambia aje. Akafungua pindo la kanga, akatoa kitambaa cheupe kilichofungwa. Ndani yake mlikuwa na noti na barua. Mumewe, akasema, amehamia na ng'ombe upande wa Katavi, naye hana habari. Barua imeletwa na mshenga kwa shemeji yake, na shemeji amempa aitunze mpaka jumapili, watakapokaa. “Mimi sikusoma,” akasema. “Mtoto angenisomea, lakini sitaki ajisomee mwenyewe habari zake kama tangazo la mnada. Nisomee wewe.”

Nikaisoma mara mbili. Ilikuwa barua ya mtu mwenye duka, kwa mwandiko mzuri, nayo ilikuwa na heshima zote za mwanzo na mwisho. Katikati yake mwenye duka alisema kwamba atatoa ng'ombe 20, na kwamba atamchukua mchumba wake pamba itakapokwisha kuuzwa.

“Mchumba wake?” mama akauliza. “Tangu lini? Mwanangu alimwona mara moja, aliponunua chumvi dukani kwake.”

Nikaanza kumweleza sheria, kama tulivyofundishwa kuwaeleza wazazi. Nikamwambia kwamba tangu mwaka 2016 sheria ya elimu yamfunga jela miaka 30 mtu aoaye mwanafunzi wa msingi au wa sekondari, na anayesaidia ana hatia yake pia. Nikamwambia kwamba mwaka ule ule Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kuipinga sheria ya ndoa ya mwaka 1971, iliyoruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya mzazi, akashinda. Na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu ile. Nalisema vizuri sana. Akaningoja nimalize.

“Hayo nayajua, Mwalimu. Yametangazwa mikutanoni, na shemeji yangu alikuwapo. Yeye atasema mtoto ameacha shule kwa hiari yake. Mimi nataka maneno ya kujibu, niyapeleke kabla ya jumapili.” Kisha, bila kubadili sauti, akasema, “Wanikumbuka?”

Nikasema, “Nakukumbuka.”

“Wajua kwa nini nalikuchagua wewe?”

Wasomaji wapendwa, miaka yote ile nalikuwa na jibu langu. Nalijua ni kwa ajili ya shati jeupe. Nalijua aliona usoni pangu kitu ambacho wenzangu hawakuwa nacho, elimu, au upole. Hata katika aibu yangu nalikuwa nimejiwekea kiburi hicho kidogo, kama mtu afichaye senti katika ukuta.

“Ulikuwa mdogo kuliko wote,” akasema. “Nalijua kwamba nikikimbia hutanipata.”

Hapo nikamweleza habari ya uongo. Nalisema yote, na yale niliyowaambia wenzangu, na jinsi nilivyosikia kwamba ameolewa nikanyamaza. Sikuomba lolote, kwa kuwa sikujua ni kitu gani mtu aweza kuomba katika shauri kama lile. Naye alikuwa akitazama kitambaa, akikikunja pembe kwa pembe. Kuku walipita kati yetu. Mwisho akasema:

“Andika kwanza barua, Mwalimu.”

Nikaleta karatasi na kalamu. Nikamwuliza, “Nimwite nani mwanzoni? Nimwite mchumba, kama alivyojiita?”

“Usimwite mchumba.”

“Basi nimwite mposaji?”

Akafikiri. “Mposaji ni mtu aliyekuja kuomba. Huyu amekuja kunipa habari. Mwite Bwana Mwenye Duka.”

Nikaandika, Kwa Bwana Mwenye Duka. Akasema maneno yake, nami nikayaandika kama alivyoyasema, wala sikuyapamba: kwamba barua yake imefika, kwamba fedha yake ni hii, imehesabiwa mbele ya mwalimu, haikupungua, kwamba baba wa mtoto yuko mbali na mama yake yuko karibu, kwamba mtoto hajaulizwa na mtu yeyote, na akiulizwa leo atajibu ya kuwa anasoma. Nikamwuliza kama apenda kuweka salamu za mwisho. Akasema ziwekwe, kwa maana mtu yule si adui, na chumvi watanunua wapi.

Nikamsomea yote. Akatia alama yake chini kwa kalamu, msalaba mdogo, akaupuliza wino ukauke, ijapokuwa kalamu za siku hizi hazihitaji kupulizwa. Akahesabu noti mara ya pili, akafunga kitambaa mafundo mawili, akakirudisha katika pindo la kanga. Habari ile nyingine hatukuirudia. Akaniaga kwa heshima, akashika njia ya dukani, wala si ya nyumbani.

Jumatatu nikaandika ubaoni majina yote ya Kiingereza ya mposaji, ya kale na ya sasa, na maana zake, nikamjibu msichana swali lake kadiri nilivyoweza. Nalimwambia kwamba Portia hakuulizwa kwa sababu baba yake aliogopa wanaume kuliko alivyomwamini binti yake. Hilo ni wazo langu, si la Shakespeare. Akaliandika katika daftari, lakini nalimwona akiweka alama ya kuuliza pembeni.

Hata leo ninapoandika haya shemeji hajasema neno, na mshenga hajaonekana tena. Msichana yuko mstari wa mbele kila siku. Mtihani wa kidato cha pili ni mwisho wa mwaka.